Mwenda wa Bayeke: miaka 39 kutoka barabara ya Likasi mpaka studio ya Cape Town

Wasomaji wetu, juma hili tunawaletea maisha ya mutu mwenye jina lake linajulikana mu kila kambi ya watumikaji, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi. Ni muzee Mwenda wa Bayeke, mwenye wazazi wetu walizoea kumwita Jean-Bosco Mwenda, ao Bosco tu. Wimbo wake Masanga, wazee wote wa Union Minière waliusikia. Lakini ukiuliza vijana mutu huyu aliishi namna gani, alitumika wapi, disiki zake zilienda mpaka wapi, wengi wananyamaza.

Tuanze na hesabu moja. Bosco alikutana na mashini ya kurekodi mu 1949, kwetu Likasi, akiwa kijana wa miaka 19. Studio ya inje, kwa kutengeneza disiki nzima kubwa yenye kubeba jina lake, aliingia mu 1988, kule Cape Town, Afrika ya Kusini. Katikati ya siku hizo mbili kuko miaka 39. Kwa mutumikaji wa mugodi, ile ni maisha nzima ya kazi, tangu siku ya kuandikwa mpaka siku ya pensio. Njo safari ile tunataka kueleza leo.

Mutoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mu 1930 kule Bunkeya. Bunkeya tunaijua: njo makao ya Msiri, mwenye asili yake ilikuwa Unyamwezi, inchi yenye leo iko ndani ya Tanzania. Msiri alijenga ufalme wake hapa Katanga mu karne ya 19, mpaka siku aliuawa na watu wa msafara wa wazungu, mu mwezi wa 12 mwaka 1891. Bayeke walikuwa watu wa safari na wa biashara, tena mafundi wa shaba. Union Minière ilianza mu 1906, lakini mbele yake Bayeke walikwisha kuyeyusha shaba ya inchi hii na kuipeleka mbali. Jina Mwenda lenyewe tunalikuta mu ukoo wa Msiri. Kwa hiyo mupiga gitare wetu alibeba mu jina lake historia ya shaba kabla hata ya kugusa gitare.

Wakati wa utoto wake, Jadotville, njo Likasi ya leo, ilikuwa inakomaa kama muji wa mashini na moshi. Kompanyi ilileta watumikaji kutoka pande nyingi: wengine kutoka Kasai, wengine Rwanda na Burundi, wengine Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia. Kila mutu alifika na ngoma ya kwao. Kazini na ku soko, Kiswahili njo kiliwakutanisha. Jioni, kiisha kazi, watu walitafuta kitu cha kufurahisha roho, na gitare ilikuwa chombo kizuri kwa maisha ya vile: mutu mumoja anaibeba ku bega, anakaa ku mulango, na watu wanakusanyika.

Tena muziki ya inje ilikuwa inafika. Kulikuwa disiki za Cuba zenye wazee waliziita GV, na sauti za vikundi kama Trio Matamoros. Kulikuwa sinema za kauboi, zenye mutu na gitare yake na farasi. Bosco alisikiliza yote ile. Alisikiliza vilevile nyimbo za wazee wa kijiji, na muziki ya ngambo ya Zambia. Hakuiga moja peke yake. Alizichanganya zote mu vidole vyake, kiisha akatunga nyimbo mu Kiswahili cha kwetu, chenye mama wa soko na mutumikaji wa usine walisikia bila kutafsiriwa.

Tueleze kidogo ginsi alipiga, kwani pale njo siri iko. Alitumia vidole viwili tu vya mukono wa kuume: kidole kikubwa na kile cha kuonyesha. Kidole kikubwa kinashika njia ya chini, hakichoki, kinaenda sawa na mutu mwenye kukanyaga baisikeli. Kidole cha pili kinaimba juu. Mwenye kusikia bila kuona anazania wapigaji ni wawili. Na kila akirudilia sauti ile ile, anabadilisha kiloko: hapa anaongeza, pale anaruka, halafu anarudi njiani kama vile hakuna kitu kilipita. Mutu wa kawaida anaisikia tamu tu. Mupiga gitare akijaribu kuifuata, jasho linamutoka.

Kamyo ya Hugh Tracey

Mu 1949 Muingereza mumoja, Hugh Tracey, alipita Jadotville. Alizaliwa Uingereza mu 1903, akafika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kwa kazi ya shamba, lakini muziki ya wenyeji ilimushika kupita mashamba. Alizunguka Afrika na kamyo, ndani yake mashini ya kurekodi na mashini ya kutoa umeme. Wapi alisikia sauti nzuri, alisimamisha kamyo, akatosha mikrofone. Alimukuta kijana Mwenda akipiga gitare mu barabara. Hapo njo njia ya inje ilifunguka.

Mu miaka ile Tracey alirekodi nyimbo nyingi za Bosco, na mu zile kulikuwa Masanga. Disiki zilitengenezwa Afrika ya Kusini na kompanyi Gallo ya Johannesburg, zikauzwa na chapa ya Gallotone. Mu 1952 Masanga ilipata tuzo la chama cha muziki ya Afrika chenye Tracey alisaidia kuanzisha. Kijana wa miaka 22, mwenye alikuwa anapiga ku barabara ya muji wa usine, alikuwa sasa anasikika Rhodesia, Kenya, Uganda na Tanganyika.

Vijana wa telefone waelewe disiki ya wakati ule ilikuwa namna gani. Ilikuwa nzito na ya kuvunjika kama sahani ya chakula. Ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na kila upande ulibeba wimbo mumoja wa dakika 3 hivi. Mupiga gitare mwenye aliweza kuendelea usiku muzima alipaswa kukata wimbo wake kusudi uingie mu dakika 3. Disiki kubwa, yenye kubeba nyimbo 10 ao 12 pamoja, ilianza kuuzwa Marekani mu 1948, lakini kwa wanamuziki wa Afrika mulango ule ulikawia kufunguka. Waliendelea kuuza wimbo kwa wimbo.

Na malipo? Wakati ule desturi ya kompanyi nyingi za disiki mu Afrika ilikuwa kulipa mwimbaji mara moja, siku ya kurekodi, feza kiloko ya mukononi. Kiisha pale, disiki ikiuzwa 100 ao 100.000, mwimbaji hana tena la kuuliza. Watumikaji wa mugodi hawana haja tuwaeleze sana jambo hili. Shaba inatoka hapa ikiwa imehesabiwa kwa tani, bei yake inasemwa London, na mwenye aliichimba anasikia bei ile ku radio. Masanga vilevile ilitoka Likasi, ikaandikwa Johannesburg, ikauzwa Nairobi.

Nairobi, na dawa ya kichwa

Mwisho wa miaka ya 1950, Bosco aliitwa Nairobi. Haikukuwa juu ya disiki kwanza, ilikuwa juu ya matangazo: alipaswa kuimba kwa kusifu Aspro, dawa ya kichwa. Wengine watacheka, lakini kwa mupiga gitare wa Afrika ya wakati ule ilikuwa kazi ya heshima na ya mushahara. Alikuwa na saa yake ku radio, na watu wa Kenya walingojea saa ile wakiwa wamekaa karibu.

Tunapenda kukumbusha kwamba Bosco hakuwa peke yake kule. Ndugu yake Édouard Masengo, mwana Katanga vilevile, naye alifika Nairobi, akafanya jina kubwa. Wapiga gitare wa Kenya waliangalia vidole vya wageni hawa na kujifunza. Mpaka leo, wenye kuandika historia ya gitare ya Kenya wanataja wale watu wawili wa kwetu. Walifika na Kiswahili chetu, chenye wenyeji walikisikia kuwa na ladha ingine, lakini walikielewa, na disiki zilipita mpaka bila tafsiri.

Bosco hakukaa Nairobi. Alirudi kwao.

Mutu wa banki

Hapa njo tunafika ku jambo lenye wengi hawajui. Mutu huyu, mwenye wimbo wake ulijulikana kutoka Cape mpaka Kampala, hakuishi na gitare peke yake. Mu Lubumbashi alikuwa na kazi ya banki. Alikuwa vilevile na uhusiano wa kazi na kompanyi kubwa ya mugodi, alisimamia vikundi vya muziki, na kiisha alikuwa na hoteli yake ku mpaka wa Zambia. Asubuhi ni kazi, jioni njo gitare.

Wengine wanasemaka ni aibu kwa fundi mukubwa kukaa nyuma ya meza ya banki. Sisi hatuioni vile. Wapiga gitare wengi wa wakati wake, wenye walitegemea disiki tu, walimaliza maisha mu shida. Mwenda alielewa mapema kwamba wimbo kusikika pote haumaanishi mwenye wimbo atakula. Alijenga nyumba yake kwa kazi ingine, na gitare akaiachia iwe huru. Baba mwenye anatumika ku mugodi na mama mwenye anauza ku soko wanaelewa hesabu ile vizuri: feza ya posho haiwezi kungojea tuzo.

Wakati ule inchi ilikuwa inatikisika. Uhuru mu 1960, kujitenga kwa Katanga mpaka mwanzo wa 1963, vita. Mu 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Mwanzo wa 1967 mali ya Union Minière ilikamatwa na serikali, na kiisha ikazaliwa Gécamines. Mu 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, Jean-Bosco ikakatwa, ikabaki Mwenda wa Bayeke. Miji ilibadilisha majina, kompanyi ilibadilisha jina, feza ilibadilisha jina. Masanga ilibaki Masanga.

Marekani, mwezi wa 7 mwaka 1969

Wakati hapa kwetu watu walikuwa wanazoea zaire mupya mu mifuko, barua ilitoka Marekani. Mu muji wa Newport, ku pwani ya jimbo la Rhode Island, kila mwaka kulikuwa sikukuu kubwa ya nyimbo za asili. Mu mwezi wa 7 mwaka 1969 Bosco alipanda ku jukwaa lile. Mwaka ule ule walikuwako Johnny Cash, Muddy Waters, Joni Mitchell na Pete Seeger. Siku ya mwisho ya sikukuu ilikuwa tarehe 20, njo siku Wamarekani wawili walishuka juu ya mwezi. Dunia nzima ilikuwa inaangalia mbingu, na mutoto wa Bunkeya alikuwa Marekani na gitare yake.

Juu ya nini walimuita? Sababu disiki zile za dakika 3 zilikwisha kufika kule mbele yake. Mwanzo wa miaka ya 1960, mwalimu mumoja wa London, David Rycroft, alikuwa amekaa chini kuandika kila sauti ya gitare ya Bosco ku karatasi, ginsi watu wanaandika muziki ya Bach. Mu vyuo vya Ulaya watu walikuwa wanasoma vidole vya mutu mwenye, saa ile ile, alikuwa anahesabu feza za wengine mu banki ya Lubumbashi.

Lakini angalia vizuri: mu sikukuu ile mutu anaimba nyimbo chache, watu wanapiga makofi, anarudi kwao. Disiki nzima bado.

Miaka ya kimya

Miaka ya 1970 haikukuwa miaka ya gitare kavu. Gitare za umeme za Kinshasa zilijaza radio zote, Franco na wengine, na vijana wa Lubumbashi walitaka kucheza ile. Mupiga gitare mwenye kukaa peke yake ku kiti alionekana kama mutu wa wakati wa mukoloni. Bosco alisimamia vikundi, aliendelea na mambo yake, na gitare ya zamani ilikuwa inasikika zaidi nyumbani kuliko ku baa.

Watu wenye kuitafuta walitoka inje. Mwisho wa miaka ya 1970, mupiga gitare wa Uingereza John Low alisafiri mpaka hapa Shaba kutafuta wazee wa gitare, Bosco, Masengo, Losta Abelo, kusudi akae mbele yao na kujifunza. Kiisha aliandika kitabu juu ya safari ile. Mu 1982 Bosco mwenyewe alialikwa Ulaya, akapiga mu Ujerumani, na Gerhard Kubik, mwalimu wa Austria mwenye alifuata muziki ya Afrika maisha yake yote, alirekodi sauti zile kusudi zihifadhiwe. Ilikuwa kazi ya museum na ya masomo, yenye faida kubwa, lakini haikufika ku duka la disiki ginsi watu wa kawaida wananunua.

Cape Town

Tufike sasa mu 1988. Mwenda alikuwa na miaka 58. Hapo njo alienda Cape Town kuingia mu studio na kutengeneza disiki yake kubwa.

Tukumbuke Afrika ya Kusini ya wakati ule. Sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatumika, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu 1986, Mandela alikuwa bado mufungwa. Wanamuziki wengi wa dunia walikuwa wanakataa kukanyaga pale. Lakini inchi ile njo ilikuwa imetengeneza disiki zake za kwanza, na njia ya kusini ni njia ya zamani kwa watu wa Katanga. Reli yenye ilifika Élisabethville mu 1910 ilitoka upande ule. Shaba yetu ilishuka kwa njia ile, na vyakula, mashini na watu walipanda kwa njia ile ile.

Mu studio, Bosco alirudilia nyimbo zake za zamani, gitare na sauti yake mbele. Mara hii hakukuwa kamyo ya kungoja mu barabara, hakukuwa mashini ya kusimama ku dakika 3. Aliweza kupumua mu wimbo. Vidole vilikuwa vya muzee, na mwenye kulinganisha na disiki za Gallotone atasikia tofauti: kijana wa 1952 anakimbia, anataka kuonyesha, muzee wa 1988 anatembea, anajua njia. Sauti imeshuka, imekuwa nzito. Lakini kidole kikubwa kiko paka pale, chini, hakichoki.

Wako wenye kusema disiki ya ujana njo ya kweli na hii ni kivuli tu. Sisi tunaona kila moja na kazi yake. Ile ya kwanza inatuonyesha kipaji. Hii ya pili inatuonyesha mutu mwenye aliangalia kipaji chake miaka 39 bila kukiuza chote na bila kukitupa.

Ajali ya Zambia

Hakuishi kuifurahia sana. Mu mwezi wa 9 mwaka 1990 Mwenda wa Bayeke alikufa mu ajali ya motokari, ngambo ya Zambia. Alikuwa na miaka 60 hivi. Barabara ile ya kusini, yenye makamyo ya shaba yanapita usiku na mchana, watu wetu wanaijua na wanaiogopa mpaka leo.

Kiisha kifo chake, nyimbo zile za Cape Town zilitoka Marekani ku kompanyi ya Rounder, zikiwa na kichwa cha Kingereza chenye kumwita mukubwa wa gitare ya Afrika. Na nyimbo za zamani za Tracey nazo zilitengenezwa upya kule Uholanzi, zikaingia mu CD pamoja na zile za wenzake wa Katanga na Zambia. Leo kijana wa Japani ao wa Marekani anaweza kukaa chumbani na kujifunza Masanga kidole kwa kidole.

Kitu chenye kubaki mikononi mwetu

Iko jambo moja lenye tunapenda kila familia yenye mutoto mwimbaji ilisikie. Sheria ya inchi yetu juu ya haki ya watunzi, ya tarehe 5 mwezi wa ine mwaka 1986, inasema kwamba haki ya mutunzi inaendelea miaka 50 kiisha kifo chake, na warizi wake njo wanairizi. Kwa nyimbo za mutu mwenye alikufa mu 1990, hesabu ile inafika mpaka 2040. Wimbo ni mali, sawasawa na nyumba ao shamba. Mwenye kutunga aandikishe jina lake, asome karatasi mbele ya kutia sahihi, na abakize kopi nyumbani, pahali panajulikana na bibi na watoto. Wazee wa 1949 hawakupewa nafasi ile. Vijana wa leo wanayo.

Na wale wenye bado wako na disiki za Gallotone mu sanduku, chini ya kitanda ao juu ya kabati, tunawaomba wasizitupe na wasiwaachie watoto wachezee. Zinavunjika kwa upesi, na haitatengenezwa ingine. Iteni wajukuu, waambieni huyu mwenye kupiga alikuwa mutu wa kwetu, wa Bunkeya na wa Likasi, alitumika ku banki, na alipiga vile na vidole viwili.